Mlango Usiobishwa Hodi



Leo naomba mniruhusu niseme juu ya jambo ambalo wengine wenu mtaliona dogo mno kwa kalamu ya paroko. Nami nililiona dogo kwa miaka mingi, mpaka likanitia aibu ambayo nitawasimulia hapo chini.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mwalimu mmoja wa parokia yetu alisimama nasi chini ya mwembe akatueleza kwa furaha kwamba kompyuta yake ya nyumbani sasa inafunguka yenyewe. "Padre," aliniambia, "fundi amenitolea lile neno la siri. Nikiwasha tu, nakuta kila kitu kiko tayari. Nyumbani kwangu najifungia nini?" Waliokuwapo wakacheka, na wawili wakaomba namba ya simu ya huyo fundi. Nami nikatabasamu kama mtu mwenye adabu, nikanyamaza. Kunyamaza kule kumenisumbua juma zima. Basi leo nasema nilichopaswa kukisema siku ile: mwalimu wetu amekosea, fundi wake amempotosha, na wale wawili, nawasihi, wasipige simu.

Kwanza tuelewe kilichofanyika, kwa maana wengi hudhani kwamba neno la siri limefutwa. Halikufutwa. Katika kompyuta zinazotumia Windows, fundi huandika amri fupi iitwayo netplwiz, hufungua orodha ya watumiaji, huondoa alama ya tiki katika kisanduku kinachodai kwamba kila mtumiaji ajitambulishe, kisha huandika neno la siri mara mbili na kubonyeza kitufe cha kukubali. Tangu hapo kompyuta hulihifadhi neno lile ndani yake na kujijibu yenyewe kila inapowashwa. Ni sawa na mlinzi wa getini anayeuliza kwa sauti kubwa, "Nani huyo?" kisha yeye mwenyewe akajibu, "Ni mwenye nyumba, apite." Swali bado lipo, lakini anayepita hatakiwi kulijibu. Tena ipo njia nyingine ya kufanya jambo hilo hilo, ambayo huliacha neno la siri limeandikwa waziwazi katika kumbukumbu za ndani za mashine, mahali ambapo mwenye ujuzi kidogo tu anaweza kulisoma. Microsoft wenyewe, wanaotengeneza Windows, wameonya juu ya hatari ya njia hiyo.

Sasa tuzisikilize hoja za wanaoutetea mtindo huu, maana si wajinga, na baadhi yao ni rafiki zangu.

Hoja ya kwanza husema: nyumba yangu ina mlango, ina kufuli, na pengine ina mlinzi, neno la siri la nini tena? Ndugu yangu, hebu tushuke wote hadi mwaloni, pale Kirumba, au twende Igombe au Kayenze. Mtazame mvuvi anaporudi asubuhi. Akishaufikisha mtumbwi wake nchi kavu, huifungua ile injini, akaibeba begani na kuipeleka mahali pa salama. Je, amewatukana wavuvi wenzake? Je, amesema kwamba mwalo mzima ni wezi? Hasha. Anajua tu kwamba mwalo hupitwa na watu wengi, na kwamba injini ndiyo riziki ya familia yake na ya vibarua wake. Mtumbwi huweza kulala nje. Injini hailali nje.

Na sebule zetu hapa Mwanza zinapitwa na watu wangapi? Tuhesabu kwa ukweli. Yumo binti wa kazi. Yumo mpwa aliyetoka Geita kuja kusoma chuo. Yumo mtoto wa jirani aliyekuja kuchaji simu. Jumamosi wapo wanajumuiya, watu kumi na watano au ishirini, wanaosali rozari hatua mbili kutoka kwenye meza ya kompyuta. Yumo fundi mwenyewe anayekuja kutengeneza feni. Wote hao wamekaribishwa, na ndivyo inavyotupasa, kwa kuwa ukarimu ni fahari yetu. Lakini kumkaribisha mtu sebuleni si kumkaribisha chumbani. Nyumba yenye ukarimu mkubwa kuliko zote katika mtaa wenu ina chumba ambacho mgeni haingii bila kubisha hodi, wala hakuna mgeni aliyewahi kukasirika kwa ajili hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Husema: kati ya mume na mke kusiwe na siri, neno la siri ni alama ya kutoaminiana. Nimeisikia hoja hii katika mafundisho ya ndoa, tena ikitolewa na wake waliolia mbele yangu kwa sababu waume zao hulala na simu chini ya mto. Kwao nasema bila kusitasita: neno la siri linalotumika kuficha hawara, deni au ulevi ni shuka lililofunika uchafu, na kulitetea kwa jina la faragha ni unafiki. Siandiki haya ili mume yeyote ayakate na kumwonesha mkewe.

Lakini tazameni tena. Mlango ulio wazi kwa kila mtu hauoneshi imani kwa mtu yeyote. Mume anapompa mke wake ufunguo wa nyumba, ufunguo ule una maana kwa sababu nyumba imefungwa. Angempa ufunguo wa nyumba isiyo na kufuli, angekuwa amempa kipande cha chuma tu. Asiye na neno la siri hawezi kumpa mwenzake neno la siri. Wanandoa wanaoaminiana wasiondoe kufuli. Na wamiliki funguo mbili.

Isitoshe, katika hoja hii ya imani kati ya wawili tumemsahau mtu wa tatu, na kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Kompyuta ya mwalimu wetu ina nini ndani yake? Ina alama za mitihani za watoto wa watu. Ina orodha ya wazazi walioshindwa kulipa michango. Kompyuta ya muuguzi ina nini? Ya mhasibu wa kikundi cha kuweka na kukopa? Ya katibu wa jumuiya, ambaye tumemwachia majina ya wagonjwa na ya familia zinazopewa msaada wa chakula? Hizo si siri zenu, wapendwa. Hizo ni amana. Mtu ana haki ya kugawa kilicho chake: akitaka kuianika barua yake mwenyewe barabarani, shauri yake. Lakini hana mamlaka ya kuuacha wazi mfuko aliokabidhiwa na mwingine. Unaposema, "Mimi sina cha kuficha," umejibu juu ya nafsi yako tu. Je, uliwauliza wale ambao majina yao yamo humo kama nao hawana cha kuficha?

Mama Kanisa analijua jambo hili tangu zamani. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu, na pia kuivunja haki ya kila mtu ya kulinda faragha yake. Kanuni ya 535 inataka kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na marehemu, na iwe na mahali pa kuvitunza. Nyaraka za jimbo zina mahali pake panapofungwa, na sheria inataja hata ni nani wawe na ufunguo. Katekisimu nayo, katika namba 2491, inasema juu ya siri za kazi zinazowabana madaktari, wanasheria, askari na wanasiasa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba Kanisa, kwa kufunga kabati la vitabu vya ubatizo, haliwaamini waamini wake.

Na sheria za nchi yetu zinakwenda njia hiyo hiyo. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, ya maisha yake binafsi, ya familia na ya unyumba wake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilifanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu zizilinde. Shule ifunge kabati lake kwa mujibu wa sheria, kisha mwalimu azibebe taarifa zile zile ndani ya fleshi mpaka nyumbani na kuziweka katika mashine inayofunguka yenyewe! Hapo tumeziba dirisha na kuacha mlango wazi.

Nimewaahidi kuwasimulia aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyoitumikia kabla ya hii, umeme ulikuwa ukikatika mara tatu au nne kwa siku, na kila uliporudi ilinilazimu kuiwasha upya kompyuta ya nyumba ya mapadre na kuandika neno la siri. Nilichoka. Mimi mwenyewe, wala si mwingine, nilimwomba kijana aliyejua mambo hayo aliondoe. Yapata miezi miwili baadaye kijana wa kwaya alikuja kuchapa nyimbo za Pasaka nami nikiwa nimeitwa kwa mgonjwa. Aliiwasha, ikamfungukia. Na pale mbele, chini ya majina ya watu wawili aliowafahamu, palikuwa na maelezo niliyokuwa nikiyaandaa kwa ajili ya mahakama ya ndoa ya jimbo.

Hayakuwa mambo ya kitubio. Hayo hayaandikwi popote, wala hayatoki kinywani mwa padre hadi kaburini. Lakini yalikuwa mambo ya uchungu, ambayo mama yule alinieleza kwa kuamini kwamba yataishia mezani pangu. Kijana alisoma. Alimwambia mmoja. Siku ya nne yalikuwa yamefika sokoni. Mama yule aliacha kuja kanisani kwetu. Nilipomfuata nyumbani kumwomba radhi, hakunitukana wala hakulia. Alisema tu, "Padre, mimi nilikuambia wewe. Sikuiambia kompyuta." Nikaondoka sina jibu, na mpaka leo sina.

Je, kijana hakutenda dhambi? Alitenda, naye alijua. Lakini ni nani aliyemwekea mbele ya macho kishawishi ambacho hakukitafuta? Alikuja kuchapa nyimbo. Ndugu zangu, kuna watu ambao wangebaki waaminifu kama sisi tusingekuwa wazembe. Kuufunga mlango ni kujilinda, na ni kumlinda pia yule apitaye nje asiingie majaribuni. Tunaomba kila siku tusitiwe katika kishawishi. Basi na sisi tusiwatie wenzetu.

Hoja ya tatu husema: naweza kusahau, na mzee wangu hawezi kabisa kukumbuka. Kwa hoja hii nacheka kidogo, mnisamehe. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, na huduma nyingine za namna hiyo zikaifuata, bibi zetu wa Ukerewe na Sengerema, wakiwamo ambao hawakubahatika kusoma, wamekariri tarakimu zao nne za siri. Sijamsikia hata mmoja akimwendea wakala na kumwambia, "Mjukuu wangu, niondolee hii namba ya siri, inanichosha." Kwa nini? Kwa sababu anajua fika kwamba nyuma ya tarakimu zile kuna pesa yake. Ugumu basi si kukumbuka. Ugumu ni kwamba fedha yetu tunaiona, ila heshima ya jirani iliyohifadhiwa katika mashine yetu hatuioni. Hilo, wapendwa, ni jambo la kutafutia dhamiri.

Na kuna kosa jingine katika fikra zetu, kwamba neno la siri ni ukuta dhidi ya adui wa mbali. Historia inasema vingine. Maneno ya siri ya kompyuta yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT huko Marekani, katika mfumo ulioongozwa na Fernando Corbató, ambaye alifariki mwaka 2019. Intaneti haikuwapo. Palikuwa na mashine moja kubwa na wafanyakazi wenza wengi walioitumia kwa pamoja, na kila mmoja alihitaji mafaili yake yawe yake. Neno la siri lilizaliwa kati ya watu waliofahamiana kwa majina na kushirikiana chombo kimoja. Na hata hapo, mwaka 1962, mwanafunzi mmoja mtafiti aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine alilichapa faili lenye maneno ya siri ya wote. Hakuwa jambazi, alikuwa mwenzao. Kompyuta moja, watu wengi, wote wakifahamiana: je, hiyo si sebule yako?

Siwezi kumaliza kwa kukemea tu. Niwape la kufanya.

Mosi, kila mtu awe na akaunti yake katika kompyuta ya nyumbani: baba yake, mama yake, watoto yao. Kama mzee wa nyumba hawezi kweli kuandika neno la siri, au mkono wake unatetemeka, afunguliwe akaunti yake ndogo isiyo na mamlaka juu ya mashine wala nyaraka za mtu mwingine. Kompyuta ya ukumbini inayotumika kupiga nyimbo za kwaya tu, isiyo na jina la mtu ndani yake, sina ugomvi nayo.

Pili, neno la siri liwe refu kuliko kuwa gumu. Maneno manne yasiyohusiana, mawili ya Kiswahili na mawili ya Kisukuma mkipenda, ni bora kuliko herufi nane za kukuvunja kichwa. Hata wataalamu wa viwango wa serikali ya Marekani waliacha mwaka 2017 kushauri watu walazimishwe kubadili neno la siri kila baada ya muda fulani pasipo sababu. Msitumie jina la mtoto, mwaka wa kuzaliwa, wala jina la somo wenu. Parokia nzima inajua.

Tatu, anayeogopa kusahau aliandike katika karatasi, alitie ndani ya bahasha, aifungie pamoja na hati ya kiwanja. Mwenzi wako ajue ilipo, maana kifo hakipigi simu. Lakini lisibandikwe kwenye kioo cha kompyuta, kama nilivyoona katika ofisi moja niliyoitembelea.

Nne, unapoinuka mezani, ifunge. Katika Windows ni kubonyeza vitufe viwili tu, chenye alama ya Windows pamoja na L. Kumbukeni pia kwamba vivinjari vya intaneti hutunza maneno yenu mengine ya siri, ya baruapepe na pengine ya benki. Anayefunguliwa mlango wa kwanza huikuta milango mingine imeegeshwa tu.

Tano, tusijidanganye. Neno la siri peke yake halimzuii mwizi atakayeichomoa diski na kuisoma katika mashine nyingine. Kwa hilo kuna ufumbaji wa diski, na kama mashine yenu inao, uwasheni na kuutunza vema ufunguo wake wa dharura. Wengine husema, "Basi kama mwizi hodari ataingia tu, kwa nini nihangaike?" Nami nawajibu: kufuli ya mlango wa nyumba yako nayo hufunguliwa na mwizi hodari. Mbona hujaing'oa?

Mwalimu wangu mpendwa, najua utayasoma haya. Sikukutaja jina, wala wale waliokuwapo pale chini ya mwembe hawatakutaja, natumaini. Ulifanya nilichofanya mimi, nawe hujaonja bado nilichokionja. Rudi kwa fundi wako wiki hii, au mwite kijana yeyote wa parokia mwenye ujuzi, airudishe ile alama ya tiki mahali pake. Itakugharimu dakika mbili, na kila asubuhi sekunde tano. Wazee walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta wangu bado naujenga, na kila ninapomwona mama yule katika daladala za Kirumba, akinisalimia kwa heshima na kutazama dirishani, najua kwamba haujafika hata msingi.

Nawatakieni juma lenye baraka, na Mungu awalinde ninyi na wote waliowakabidhi siri zao.

Wenu katika Kristo,
Paroko